Profesa, sketi na nusu inchi iliyopotea

Najua nimewatupa. Kuna aliyeniuliza kama nimehamia ughaibuni, na mwingine akataka kujua kama nimeoa kimyakimya. La hasha! Niko papa hapa Nairobi, na tarakilishi ni ile ile yenye kitufe cha J kilichong'oka. Kilichonipoteza ni sketi. Ndiyo, sketi ya kuvaa. Nitafika huko, lakini kwanza nataka niwasimulie kisa cha profesa mmoja aliyeweka kando kitabu alichokuwa akiandika ili aunde programu ya kukichapia kitabu hicho. Alidhani ni kazi ya mwaka mmoja. Ikamla zaidi ya kumi. Kisa hiki nimekipenda tangu nikiwa mwanafunzi, ila siku hizi nakisoma kwa jicho jingine.

Jina lake ni Donald Knuth, na hiyo K mwanzoni hutamkwa, kwa hiyo sema "Kanuth" bila wasiwasi. Alizaliwa mwaka 1938 mjini Milwaukee, Marekani. Baba yake alifundisha uwekaji wa hesabu za biashara na pia alikuwa na shughuli ndogo ya uchapishaji, kwa hiyo karatasi na wino havikuwa vitu vigeni kwao. Akiwa darasa la nane aliingia shindano la kampuni moja ya peremende: tunga maneno mengi uwezavyo kwa kutumia herufi za jina "Ziegler's Giant Bar". Waamuzi wenyewe walikuwa na orodha ya maneno kama 2,500. Kijana akapeleka zaidi ya 4,500. Mtoto wa namna hiyo unamjua: ukimtuma ahesabu mbuzi atakuletea na idadi ya kwato.

Mwaka 1956 aliingia chuo cha Case kule Cleveland kusomea fizikia, na huko akakutana na tarakilishi ya IBM 650. Basi, fizikia ikaachwa. Mwaka 1962, angali mwanafunzi wa shahada ya uzamifu, kampuni ya vitabu ya Addison-Wesley ilimwomba aandike kitabu kuhusu kompaila, yaani zile programu zinazoigeuza lugha tunayoandika sisi kuwa lugha ya mashine. Kitabu kimoja tu, chenye sura 12. Akaandika kwa mkono. Miaka mitatu baadaye alikuwa na kurasa kama 3,000. Yeye alikuwa amepiga hesabu kwamba kurasa tano za mwandiko wake zingeingia katika ukurasa mmoja wa chapa. Wachapishaji wakamfahamisha kwamba ni kama ukurasa mmoja na nusu tu. Maana yake kile "kitabu kimoja" kingekuwa na kurasa 2,000.

Wenzangu wa kazi hii, tucheke pamoja. Mara ngapi tumemwambia mteja "wiki mbili tu" tukiwa na uso mkavu? Huyu ndiye mtu aliyetufundisha kupima kasi ya programu kwa hisabati, na makadirio yake mwenyewe yalikosea zaidi ya mara tatu.

Mradi ukagawanywa kuwa juzuu saba chini ya jina The Art of Computer Programming. Ya kwanza ilitoka 1968, ya pili 1969, ya tatu 1973. Mwaka 1974, akiwa na miaka 36, alipewa Tuzo ya Turing, ambayo katika fani yetu hakuna iliyo juu yake. Mimi juzuu ya kwanza niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba barabarani hapa Nairobi, jalada limeliwa na panya pembeni, kwa shilingi 300. Sikuielewa hata robo. Lakini nilikaa naitazama tu jinsi kurasa zake zilivyopangika.

Na hapo ndipo kisa kinapoanzia. Juzuu zile za mwanzo zilipangwa kwa mitambo ya Monotype, iliyomimina kila herufi kwa risasi ya moto. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mitambo hiyo ilikuwa inaachwa, na chapa zikawa zinapangwa kwa picha. Mwezi Machi 1977 Knuth aliletewa kurasa za majaribio za toleo la pili la juzuu ya pili. Akazitazama, akaumia. Herufi zilikaa vibaya, nafasi hazikulingana. Kitabu kile kile alichokitolea jasho sasa kilionekana kama kimevaa nguo ya kuazima.

Wewe au mimi tungenung'unika kisha tukasaini. Lakini wiki chache nyuma Knuth alikuwa ameona kurasa zilizotoka katika mtambo wa aina mpya, ambao herufi zake ni vidoto vidogo mno vilivyopangwa kwa safu. Wazo likamjia: kama herufi ni vidoto, basi kila kidoto ama kipo ama hakipo. Ni 1 au 0. Na mambo ya 1 na 0 ni kazi yake! Mwezi Mei 1977 akaandika rasimu ya programu aliyoiita TeX. Jina lina asili ya Kigiriki, na hiyo X ya mwisho si "eksi". Ni "kh" kama ya neno kheri. Angalau hapo sisi wa pwani tunawashinda Wamarekani kwa matamshi.

Mpango ulikuwa aimalize katika likizo yake ya masomo ya mwaka 1978, kisha arudi kitabuni.

Sasa niwaeleze kidogo ndani ya TeX mna nini, kwa sababu ndiko nilikonaswa mimi. Programu za kawaida za kuandikia hujaza mstari mmoja, ukijaa zinaenda wa pili, bila kujali yajayo. Knuth pamoja na mwanafunzi wake Michael Plass walitengeneza njia nyingine. TeX husoma aya nzima kwanza. Kila neno ni kisanduku, na kati ya visanduku kuna kitu walichokiita gundi, ingawa mimi ningekiita lastiki, maana kinaweza kuvutika na kubanwa. Kisha programu inatafuta njia ya kukata aya yote katika mistari ili mivuto yote ikijumlishwa iwe midogo iwezekanavyo. Mstari wa kwanza unaweza kukubali kubanwa kidogo ili wa tano usije ukawa na mapengo kama meno ya mzee. Fundi wa nguo anaelewa hili bila kufundishwa: hutandaza kitambaa chote mezani, hupanga mgongo, kifua na mikono, ndipo anashika mkasi.

Na herufi zenyewe je? Kwa hizo aliunda programu ya pili, METAFONT, ambapo herufi huelezwa kwa milinganyo ya hisabati. Herufi nyingi zilikubali. Ile S ikakataa. Alihangaika nayo siku kadhaa mchana na usiku, mpaka mkewe Jill akamuuliza kwa nini asiifanye tu iwe na umbo la S. Hatimaye aliipata, na mwaka 1980 akaichapishia makala nzima, herufi hiyo moja. Hakuishia kwenye hisabati. Alirudi kuwa mwanafunzi: akasoma historia ya uchapaji, na akajifunza kwa wachora herufi wenyewe, akiwemo Hermann Zapf wa Ujerumani. Profesa mwenye Tuzo ya Turing, anajifunza upya kuandika a, be, che.

Likizo ya 1978 ikapita. Programu ikaandikwa upya na kutoka 1982. Maelezo yake kamili yakachapishwa 1986 katika juzuu tano. Mwaka 1989 akasema sasa basi, haiongezewi kitu tena isipokuwa kurekebishwa makosa. Tangu hapo kila toleo la marekebisho huongeza tarakimu moja ya namba pai: 3.1, 3.14, 3.141, hadi 3.141592653 la mwaka 2021. Ameagiza kwamba akifariki, namba ya toleo iwe pai yenyewe, na kosa lolote litakalokuwa limebaki lihesabiwe kuwa sehemu ya programu.

Haya, tuje kwa sketi.

Mamangu ni fundi wa kushona kule Voi. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, imekaa kwenye baraza ya duka miaka yote ninayoikumbuka. Shule aliishia darasa la saba. Lakini amefundisha wasichana wengi kazi hiyo, na wavulana wawili watatu, na kwa ajili yao alikuwa ameandika daftari: vipimo, michoro, jinsi ya kukata sketi, blauzi, sare za shule, dera. Kurasa 64, kwa Kiswahili, kwa sababu vitabu vya ushonaji alivyoviona vilikuwa vya Kiingereza na vya miili ya watu wengine. Mwaka 2022 alinipa daftari lile, akaniambia, "Baba, wewe si ndiye mwenye tarakilishi? Nichapie hiki kiwe kitabu."

Nikamwambia, mama, miezi miwili tu.

Nikaamua lazima kipangwe kwa TeX. Nikaandika aya ya kwanza ya majaribio, nikaona maneno yanakatwa mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza, yaani mahali ambapo hakuna mtu anayejua Kiswahili angevuta pumzi. Nikasema siwezi kumchapia mama kitabu cha namna hiyo. Nikaanza kuunda kanuni za kukata maneno ya Kiswahili. Mwanzoni ni rahisi, silabi zetu karibu zote huishia kwa vokali: ki-ta-bu, che-re-ha-ni. Kisha unakumbuka kwamba sh, ch, ny na ng' hazitenganishwi. Kwamba mb na nd hukaa pamoja, lakini ile m ya mtu ni silabi yenyewe, na ukiiacha peke yake mwisho wa mstari inaonekana kama yatima. Kisha yanakuja maneno kama labda, daktari, maktaba na ratli, ambayo hayajali vokali zako. Kila Jumamosi nikawa naongeza kanuni. Nikatengeneza programu ya kuzijaribu kanuni. Kisha programu ya kuipima ile programu ya kujaribu. Nikapita mwaka.

Kila nikipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza, "Na kile kitabu?" Nami nikamjibu, "Kinakuja, mama." Nilimweleza habari za Knuth ili aone kwamba watu wakubwa pia huchelewa. Alisikiliza vizuri. Akauliza, "Huyo profesa alikuwa hajaandika hata ukurasa mmoja, kama wewe?"

Nilipoenda nyumbani Disemba 2023 nilikuta wanafunzi wake wanne, kila mmoja na kitabu mkononi. Mama alikuwa amechoka kungoja. Daftari lilikuwa kwangu, kwa hiyo alikaa akaliandika lote upya kwa kalamu ya wino mweusi, akalipeleka kwenye duka la fotokopi, akapiga pini pembeni. Nilitazama mwisho wa mistari. Hapakuwa na kistari hata kimoja kilichokaa vibaya. Mama alipofika pembeni mwa karatasi na neno halitoshi, aliliandika lote mstari wa chini.

Niliona haya. Nikarudi Nairobi, nikatupa nusu ya zile programu, nikaandika sura zote kwa wiki tano. Mwezi Aprili 2024 nikachapisha nakala 40 zenye jalada gumu. Zilipendeza, wacha niseme ukweli. Nilichagua herufi moja nzuri sana niliyoipata mtandaoni, aya zimenyooka kama uzi. Mama alizipokea kwa vigelegele, akazigawa, zile fotokopi akazifungia maandazi.

Mwezi wa tatu tangu hapo akanipigia simu jioni. Hakusubiri hata nimwamkie. "Baba, nusu yangu umeipeleka wapi?"

Sikuelewa. Akanisomea. Katika daftari lake sketi ya kubana inakatwa hivi: chukua robo ya kiuno, ongeza inchi 1½. Inchi moja ni ya ule mkunjo mdogo wa kiunoni, nusu ni ya mshono. Katika kitabu changu kizuri imeandikwa: ongeza inchi 1. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa amepewa kitambaa na mwalimu wa hapo Voi, sketi ya kuvaa kwenye mahafali ya mwanawe. Kiuno ni inchi 32. Alifuata kitabu neno kwa neno, kama alivyofundishwa kufuata. Nusu inchi ikikosekana kwenye kila robo, ni inchi 2 nzima. Sketi ikatoka na kiuno cha 30. Zipu haikufika popote. Kitambaa alichokinunua mwalimu yule kilikuwa kipande cha mwisho dukani, na msichana alilia mpaka akashindwa kula. Mama alilipa kitambaa kwa pesa zake.

Nilifungua faili. Ile ½ nilikuwa nimeiandika sawasawa. Tatizo ni ile herufi nzuri niliyoichagua: aliyeichora hakuchora ½. TeX ikikutana na alama isiyokuwamo katika herufi uliyoipa, haisimami. Inairuka, inaendelea, na kuandika onyo moja katika faili la kumbukumbu. Faili hilo lilikuwepo. Lilikuwa na onyo hilo mara 31, mahali 31 pa vipimo. Sikuwahi kulifungua, kwa sababu nilikuwa nikitazama vistari.

Usiku ule nilirudi kwa Knuth, na safari hii nikasoma sehemu ambazo nilikuwa naziruka. Kwanza, swali la mama lilikuwa sahihi. Kabla hajagusa TeX, alikuwa na juzuu tatu mitaani. Alijua hasa nini kinamuuma kwa sababu kilikuwa kimeshamuuma. Na programu ilipoanza kutembea aliitumia kwa kazi ile ile iliyoizaa: toleo la pili la juzuu ya pili lilitoka 1981 likiwa limepangwa kwa TeX. Mimi nilinoa panga hadi jua likatua, na shamba sijalitia mguu.

Pili, na hili ndilo lililoniuma zaidi, Knuth aliandika makosa yake. Tangu Machi 1978 aliweka daftari la kila kosa alilolikuta katika TeX, dogo na kubwa, na mwaka 1989 akalichapisha lote, mamia ya makosa, kila mtu ayasome. Na anayemwonyesha kosa jipya katika vitabu vyake humlipa dola 2.56, maana senti 256 ni dola moja kamili kwa mtu anayehesabu kwa kumi na sita. Kwa kosa la TeX zawadi ilipanda hadi kusimama kwenye dola 327.68. Wengi waliopata hundi hizo hawakuzipeleka benki, walizitia fremu. Mwaka 2008 aliacha kutoa hundi halisi kwa sababu ya matapeli, akaanza kutoa vyeti vya benki ya kubuni, na watu wanaendelea kuvitafuta. Nilikuwa nimedhani siri ya kurasa zake ni ile hesabu ya kukata mistari. Nusu ya siri ni kwamba anataka kuambiwa alipokosea, na yuko tayari kulipa.

Nilimpigia mama, nikamwomba radhi, nikarudisha pesa za kitambaa. Nikamweleza habari ya hundi. Alicheka sana. Wiki iliyofuata akatangaza barazani pake: atakayeona kosa kitabuni, rili moja ya uzi, rangi atachagua mwenyewe. Wa kwanza kuchukua alikuwa yule yule msichana wa sketi. Amechukua rili saba sasa. Makosa mawili kati ya hayo saba yalikuwa ya mama mwenyewe, tangu daftari la kwanza, na hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia.

Toleo la pili lilitoka lina nusu zake zote. Toleo la tatu ndilo lililonipoteza majuzi, kwa sababu wanafunzi wameongeza sura ya kukata sare za shule za kisasa, na mama, ambaye ana miaka 63, amekataa nimwandikie mimi. Anajifunza kupiga chapa mwenyewe kwa tarakilishi ya mkono wa pili niliyompelekea, kidole kimoja kimoja, miwani puani. Kila ukurasa akimaliza ananitumia, name naufungulia faili la kumbukumbu kabla ya kuutazama sura.

Na Knuth? Mwaka 1990 aliacha kutumia baruapepe ili apate utulivu wa kuandika. Mwaka 1993 akastaafu ualimu mapema kwa sababu hiyo hiyo. Sehemu ya kwanza ya juzuu ya nne ilitoka 2011, ya pili 2022, akiwa na miaka 84. Katikati ya hayo alikuwa akipiga kinanda cha kanisa, na siku alipotimiza miaka 80, tarehe 10 Januari 2018, kazi yake kubwa ya muziki wa kinanda hicho, Fantasia Apocalyptica, ilipigwa kwa mara ya kwanza kule Piteå, Uswidi. Juzuu saba hazijatimia. Sidhani kama hilo linamnyima usingizi.

Nilimwuliza mama toleo hili tuliiteje, nikampendekezea 3.1, halafu 3.14, nikamweleza utamu wa pai. Akanikatiza. "Baba, andika tarehe. Mtu akitaka kujua kama kitabu chake ni cha zamani, aangalie tarehe. Na hiyo nusu yangu, umeiona?"

Nimeiona, mama. Nimeihesabu, ziko 31.

Haya wasomaji, niwaachie hapo, stima inayumbayumba. Mkiona kosa humu ndani, niambieni. Uzi upo.